Filamu ya wafalme wasiokutana: mimi ningechukua mwaka 1526

Mleta mada ameuliza: ukipewa fedha za filamu moja ya kihistoria yenye wafalme wa tamaduni mbalimbali, ungewachagua akina nani na ungewakutanishaje? Wengi waliotangulia wamewaketisha kwenye karamu moja. Nilishafanya hivyo jukwaani, na nawasihi msithubutu.

Nilikuwa naandikia kikundi cha maigizo. Nikaweka wafalme wanne mezani, mavazi tukashona usiku na mchana, kila mmoja nikampa hotuba ya kujitapa. Katikati ya hotuba ya tatu mtoto aliyekaa safu ya mbele akamuuliza mama yake kwa sauti, "Kwani hawa wanaelewanaje?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtoto alikuwa na haki. Wote wanne walisema kwa mdomo wangu; ukiwavua mataji na vilemba hujui nani ni nani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika na kufuta muswada ambamo hawakutani kabisa. Wanaunganishwa na barua, ndoa na wakalimani, yote ndani ya mwaka 1526.

Kitovu ni Lisbon, kwa João III, mfalme wa Ureno. Mke wake, Catherine, ni dada wa kaisari Charles V, anayetawala pia Hispania. Machi mwaka huo Charles naye anamwoa Isabella, dada wa João, kule Seville. Mashemeji mara mbili. Dada mwingine wa Charles, Mary, ni mke wa Louis II wa Hungaria, kwa hiyo João na Louis ni wanyumba. Tarehe 29 Agosti, jeshi la Suleiman, sultani wa Waturuki wa Osmani, linalivunja la Louis pale Mohács, Hungaria, na kijana huyo wa miaka 20 anakufa majini akikimbia.

Kwenye muswada wangu, habari hiyo ya msiba inafika Lisbon katika msimu uleule ambao barua za Afonso I, mfalme wa Kongo, zinasomwa. Afonso, aliyezaliwa Mvemba a Nzinga, anaandika kwa Kireno tarehe 6 Julai. Analalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake, na kuwauza. Anachotaka kutoka Ureno ni mapadri, walimu, divai na unga wa sakramenti. Na anamwita João ndugu! Hapo ndipo ningeiweka kamera muda mrefu: karani anasoma neno "ndugu", mfalme anatazama dirishani.

Msimfanye Afonso malaika, tafadhali. Oktoba anaandika tena kwamba ameteua watu watatu wa kukagua kila anayeuzwa, wahakikishe ni mateka kweli wala si mtu huru. Biashara yenyewe inaendelea. Mwigizaji mzuri atakula mshahara wake kwenye barua hiyo ya pili.

Sasa linganisha na Suleiman. Francis I, mfalme wa Ufaransa, alitekwa na jeshi la Charles pale Pavia, Italia, mwaka 1525, akafungwa Madrid, na mama yake, Louise wa Savoy, akapeleka wajumbe kwa sultani kuomba msaada. (Mimi ningempa Louise nafasi kubwa kuliko mwanawe, ambaye Machi 1526 aliachiwa kwa kuwaacha watoto wake wawili rehani.) Jibu la Suleiman linaanza kwa kuorodhesha nchi anazozitawala, moja baada ya nyingine, ndipo linamfikia mfungwa: wewe Francis, mfalme wa nchi ya Ufaransa. Halafu anamfariji kwamba kushindwa na kutekwa si ajabu kwa wafalme. Hiyo salamu tu inatosha kukuonyesha nani amekaa juu na nani chini. Hotuba zangu zote nne hazikufanya hivyo.

Kwa hiyo lugha zibaki zilivyo: Kireno, Kikongo, Kituruki, Kifaransa. Maandishi ya chini yatasaidia, na mkalimani aonekane usoni, atokwe jasho.

Tatizo langu ni Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal huko India. Aprili 1526 alimshinda Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi, pale Panipat, akawa bwana wa Delhi, lakini hana undugu na yeyote niliyemtaja. Kumbukumbu zake aliziandika mwenyewe kwa Kituruki cha Chagatai, na humo analalamika kwamba Hindustan, yaani India ya kaskazini, haina matikiti mazuri, zabibu wala barafu. Aliwabakiza baadhi ya wapishi wa Ibrahim ili aonje vyakula vya huko; Desemba mama yake Ibrahim akamhonga mmoja atie sumu. Babur akatapika, akapona. Mzalishaji yeyote atasema mkasa huo uondoke, haushikani na mengine. Nimeshamtoa mara mbili kwenye muswada, na mara zote mbili amerudi na mpishi wake.