Tangu shule zifungwe, sijitambui

"Shikamoo Shangazi. Ninafundisha katika shule ya binafsi hapa Kisauni, Mombasa. Tangu korona ifunge shule mwezi Machi sijalipwa mshahara, na tulipoambiwa Julai kwamba hazitafunguliwa hadi Januari 2021, nilivunjika moyo kabisa. Hukesha na simu hadi saa tisa usiku, naamka adhuhuri, nakula chipsi usiku wa manane, na chupa ndogo niliyokuwa nikinunua Jumamosi sasa ni ya kila jioni. Juzi binti yangu wa miaka 8 aliniletea daftari nimsahihishie hesabu, nikamfokea, hajalileta tena. Mke wangu anasema nimekuwa mvivu na mlevi. Je, ni kweli?" — Mwalimu, Agosti 2020

Marahaba, mwanangu. Kuhusu uvivu sikubaliani na mkeo; kuhusu pombe ana haki ya kuogopa.

Kwa miaka mingi siku yako iliendeshwa na kengele: matatu ya alfajiri, gwaride, chaki, watoto wanaosimama unapoingia darasani. Kengele iliponyamaza, mshahara haukuondoka peke yake, bali uliondoka pamoja na sababu ya kuamka. Huzuni ikaingia, nawe ukatafuta cha kuituliza wakati wa kafyu, ambapo hata kwenda kuzungumza na rafiki jioni kumekuwa kwa kuangalia saa. Pombe humlaza mtu upesi, lakini inapoanza kuisha mwilini huukatakata usingizi, ukazinduka moyo ukidunda na wasiwasi umezidi. Ukiamka adhuhuri umekosa mwanga wa asubuhi, ambao ndio huuambia mwili kwamba siku imeanza, kwa hiyo usiku unaofuata usingizi huchelewa zaidi, na jioni ikifika hakuna unachokitazamia isipokuwa ile chupa. Huzuni imezaa mazoea, na mazoea yanailisha huzuni. Kipi kilitangulia, mimi nisingepoteza muda kukitafuta.

Usingoje moyo uchangamke ndipo uanze kutenda, maana mara nyingi moyo hufuata mwili. Anza na saa ya kuamka, kwa kuwa huwezi kuulazimisha usingizi uje, lakini unaweza kuinuka kitandani. Amka saa kumi na mbili na nusu kila siku, hata kama umelala vibaya, utoke nje na utembee nusu saa huku umevaa barakoa. Simu ilale sebuleni. Chakula cha usiku ukile pamoja na familia, nawe utaona chipsi za usiku wa manane zikipungua zenyewe ukianza kulala mapema.

Pombe nataka uiendee kwa uangalifu. Ikiwa siku usiyokunywa mikono hutetemeka, unatoka jasho au kichefuchefu kinakushika, usiiache ghafla ukiwa peke yako, kwa sababu mwili uliouzoea ulevi wa kila siku unaweza kupata degedege. Nenda kituo cha afya ueleze kiasi unachokunywa bila kupunguza hata tone, na ueleze pia huzuni yenyewe, kwa kuwa huzuni iliyopita wiki mbili mfululizo inastahili kupimwa kama homa. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wanapokea simu bila malipo kwa nambari 1192, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Na iwapo fikra za kujidhuru zitakujia, mwambie mkeo saa hiyo hiyo, wala usikubali kubaki peke yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye lile daftari. Mtoto aliyefungiwa shule alikuja kwa mwalimu pekee aliyebaki naye. Keti naye barazani kesho baada ya chai, umwombe radhi kwanza, bila kumweleza mengi, kisha umwambie alilete na kalamu nyekundu.