Alama 31 kwa Beberu wa Kwenye Pipa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Umewahi kukipa alama kitu ulichokula au kunywa? Ulitumia kipimo gani, na ulisimamia alama zako?" Nimewahi. Niliipa bia moja alama 31 kati ya 50 mahali ambapo wenzangu wanne walitoa 40 na ushee, na mpaka leo kuna mmoja wao ananiita mwalimu wa hesabu.

Mimi ni mtu wa Marangu, lakini naishi Regensburg, jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Tuko watano: mimi na mume wangu, mwenzake wa kazini, kijana Mkenya anayesoma chuo hapa, na jirani yetu mstaafu ambaye ndiye mwenye chumba cha chini tunakokutania. Alhamisi mbili kwa mwezi kila mtu anakuja na chupa moja ya bia, tunaionja na kuipa alama. Chupa inagawanywa kwa watano, kwa hiyo anayekuja kutafuta kulewa huondoka amenuna.

Chupa ya ugomvi niliileta mwenyewe kutoka duka moja la vinywaji mjini. Lebo ilisema ni bok, bia kali ya Kijerumani, yenye hopsi nyingi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu), kilevi asilimia 8.5, iliyokaa miezi sita kwenye pipa lililowahi kuwa na bourbon, wiski ya Kimarekani. Jina la kiwanda nabaki nalo. Ni kidogo sana, na mtaona kwamba kosa pengine halikuwa lao.

Jirani alianza kulalamika hata kabla ya kuifungua. Kwa Mbavaria wa umri wake, bok ni bia nzito ya kimea, tamu kama mkate uliookwa ukaiva sana, na hopsi inakaa nyuma kama mgeni asiyealikwa. Sheria yao inataka kimiminika cha bok, kabla hamira haijaanza kazi, kiwe na angalau asilimia 16 ya sukari na vitu vingine vilivyotoka kwenye kimea. Ndiyo maana bia hiyo ina nguvu. "Hopsi nyingi ni mambo ya Wamarekani," akasema.

Nikamkumbusha kwamba bok yenyewe si ya Bavaria. Imetoka Einbeck, mji wa kaskazini uliokuwa katika umoja wa miji ya wafanyabiashara ya Hansa. Bia ya huko ilipikwa kali na kutiwa hopsi vizuri ili ivumilie safari ndefu. Watawala wa Munich, mji mkuu wa Bavaria, waliipenda mno, mpaka mwanzoni mwa karne ya 17 wakamchukua mpikaji kutoka Einbeck aje awapikie nyumbani kwao. Midomo ya Wabavaria ikalivuruga jina la mji likawa "ein Bock", yaani beberu mmoja. Ndiyo maana hadi leo lebo nyingi za bok zina mbuzi dume mwenye pembe. (Kijana Mkenya alicheka peke yake kwa dakika nzima. Jaribu kumweleza Mjerumani kwa nini neno "beberu" linamchekesha mtu aliyesoma siasa kwa Kiswahili.)

Tena mfano wa karibu tunao. Kelheim, mji ulio jirani na sisi kando ya mto Danube, kiwanda cha Schneider kinapika Hopfenweisse, bok ya ngano ya asilimia 8.2 yenye hopsi kwelikweli. Ilizaliwa mwaka 2007, mpikaji wao Hans-Peter Drexler aliposhirikiana na Garrett Oliver wa Brooklyn Brewery ya New York. Jirani yangu anaipenda. Nilipomwambia hivyo akanijibu kwamba hiyo ni ya ngano, haihesabiki.

Tukamimina. Nilikuwa nimewaomba tuiache nje ya friji nusu saa, kwa sababu bia ya pipa ikiwa baridi sana huficha kila kitu. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, na ukiinua glasi kwenye taa unaona wekundu. Povu lilikuwa la rangi ya krimu, likakaa vizuri.

Harufu ya kwanza ilikuwa ya pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikomazwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon, na wapika bia ni miongoni mwa wanaoyanunua. Mbao hizo zinatoa vanila, na mwaloni wa Kimarekani hasa unatoa harufu ya nazi. Wenzangu walisema "nazi", lakini mimi nilinusa kashata, tena ile iliyoshika kidogo kwenye sufuria. Nyuma yake kulikuwa na zabibu kavu na sukari guru. Hapo hapo mume wangu akaandika 11 kati ya 12 za harufu.

Nikatafuta hopsi. Lebo ilikuwa imeahidi balungi na pasheni. Nikazungusha glasi, nikaifunika kwa kiganja, nikanusa tena. Hakuna. Nilipomeza, ule utamu wa kimea ulipita, kisha ukaja uchungu mrefu uliokwama nyuma ya ulimi, uchungu mtupu usio na tunda wala ua.

Uchungu wa namna hiyo naujua tangu utoto. Bibi yangu alipika mbege: ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, uji wa ulezi ulioota, na magome ya msesewe ya kuleta uchungu. Msesewe ndiyo hopsi yetu, isipokuwa hauna harufu ya kujivunia. Kazi yake ni kuukata utamu wa ndizi. Bibi aliupima kwa kiganja, akaonja yeye kwanza kabla mgeni hajapewa kata. Siku mkono wake ulipozidi, wazee walikunywa kimya, na kimya hicho alikijua maana yake. Bia iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na msesewe uliozidi.

Maelezo yake si magumu. Uchungu wa hopsi unapatikana kwa kuchemsha, na huo hudumu. Harufu inatoka kwenye mafuta mepesi ambayo hewa na joto huyamaliza haraka. Pipa linataka miezi na linapitisha hewa kidogo kidogo. Hopsi inataka inywewe mapema. Anayevitaka vyote viwili huloweka hopsi upya bia ikishatoka kwenye pipa, karibu na siku ya kuijaza kwenye chupa, kisha anaomba Mungu wanunuzi wasichelewe. Lebo ilisema walifanya hivyo hasa. Lakini nilipoigeuza chupa nikaona tarehe ya kujazwa, imepigwa muhuri mdogo shingoni: miezi kumi na moja iliyopita. Na rafu niliyoichukulia ilikuwa karibu na dirisha, upande wa jua.

Kipimo chetu ni karatasi ya BJCP, ile wanayotumia majaji wa mashindano ya bia za nyumbani. Harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na mwisho kuna 10 za "kwa ujumla". Naipenda kwa sababu uzuri wa sura umepewa alama tatu tu. Nisichokipenda ni zile kumi za mwisho, kwa sababu urafiki wote hujificha humo. Mimi niliandika harufu 6, mwonekano 3, ladha 12, mdomoni 4, kwa ujumla 6. Jirani, yule aliyeanza kwa kulalamika, alitoa 43.

"Dada, umeionea," kijana Mkenya akaniambia. "Bia ni tamu."

Sikukataa kwamba ni tamu. Ingeandikwa bok ya pipa, basi, ningeipa 38 bila kusita. Lakini iliniahidi balungi, nikanusa kashata. Kashata naipenda, ila mtu akiniita kwake kwa wali wa nazi akanipa ugali mzuri, nitakula nishibe, na wali nitauuliza.

Baada ya wiki tatu yule kijana, kwa ubishi, alipanda treni hadi kiwandani kwenyewe akarudi na chupa iliyojazwa mwezi huohuo. Pipa lilikuwepo, vanila ilikuwepo, na juu yake balungi, ganda la chungwa, na kitu kama majani mabichi yaliyosuguliwa mkononi. Uchungu ulikuwa uleule, lakini safari hii ulikuwa na mwenzake. Nikaandika 41. Wakanitaka nifute ile 31 ya mwanzo nikagoma, kwa kuwa chupa ile niliinunua kwa pesa yangu na ndivyo ilivyokuwa. Tulichokubaliana ni kuongeza mstari mmoja juu ya karatasi zetu, tarehe ya kujazwa, na siku hizi ndiyo kitu cha kwanza kusomwa kwa sauti.

Jirani aliipa chupa ya pili 43, zilezile. Nikamuuliza kama kweli hakuona tofauti yoyote. Akasema ameiona, tena kubwa sana, ila ile siku ya kwanza alikuwa na kiu.