Namba ya kalibu peke yake haikutajii injini

Kosa linalowatia watu hasara ni kusoma namba moja kwenye bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, kuitafuta kwenye orodha, kisha kulipa. Namba ya kalibu, ile iliyoinuka juu ya chuma, inakuambia bloku ni ya aina gani tu. Namba zilizogongwa, zilizozama ndani ya chuma, ziliwekwa baadaye injini ilipounganishwa, na hizo ndizo zinazoitaja injini yenyewe.

Chukua V8 (injini ya silinda nane) ndogo ya Chevrolet yenye namba ya kalibu 3970010. Namba hiyo iko nyuma, upande wa kushoto ukihesabu kutoka kiti cha dereva, kwenye ukingo unaofungwa gia boksi. Bloku hiyo ilitumika kuanzia 1969 hadi 1979, kwa injini za inchi za ujazo 302, 327 na 350. Wengi hukimbilia kupima kipenyo cha silinda, lakini zote tatu zina milimita 101.6! Kinachozitofautisha ni mwendo wa pistoni: 76.2 kwa 302, 82.6 kwa 327, na 88.4 kwa 350. Fungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, pima kina pistoni ikiwa juu kabisa, zungusha krankshafti, mhimili unaozisukuma pistoni, mpaka pistoni ifike chini kabisa, pima tena, kisha toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Kuingiza kijiti kwenye tundu la plagi hakufai, kwa kuwa tundu limelala upande.

Tarehe ya kumimina chuma nayo imeinuka. C 15 9 ni Machi 15, mwaka unaoishia na 9. Kwa bloku hii ni 1969 au 1979, kwa hiyo tarehe pekee haimalizi ubishi. Kwa Chevrolet, A ni Januari na L ni Desemba. Ford huandika mwaka kwanza na huruka herufi I, kwa hiyo Septemba kwao ni J. Ukichanganya hapo unakosea mwezi mzima.

Sasa nenda mbele, upande wa kulia, chini kidogo ya silinda hedi. Kuna kibao kidogo bapa chenye namba zilizogongwa. Mara nyingi altaneta imekifunika. Kisafishe kwa dawa ya kuondoa grisi na kitambaa. Msasa na grainda visikiguse kabisa. Mwangaza wa tochi uupitishe kwa ubavu, utaona mistari myembamba iliyonyooka ya mashine ya kiwandani. Mistari ikikosekana, bloku imechongwa juu au namba zimegongwa upya. Tarehe ya kuunganisha injini, iliyomo kwenye namba hizo zilizogongwa, ikiwa kabla ya tarehe ya kumimina chuma, namba hizo si za bloku hiyo.

Namba zilizoinuka zinavumilia brashi ya waya. Zipake chaki kabla ya kusoma, maana rangi nzito huifanya 3 ionekane 8, na 6 ionekane 0. Pale jicho lisipofika, piga picha kwa simu.