Tumbusi wangu wote wametoka weusi kama mkaa

Shikamoo kaka. Niko Morogoro. Mwezi uliopita tulienda Mikumi na wenzangu wa kazini, nikaazima kamera ya shemeji ile yenye lenzi ndefu, tukakuta tumbusi kama kumi na moja wamekaa kwenye mti mkavu, mti mweupe hauna hata jani moja, nikajisemea leo nimepata picha ya kuweka sebuleni. Nafika nyumbani nafungua, wote weusi ti! Macho hayaonekani, mti nao mweusi, kilichotoka vizuri ni mawingu tu. Shemeji anasema kamera haina shida, shida ni mimi. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Shemeji ana haki nusu. Kamera ndo ilikudanganya, ila ilikuwa na kitufe cha kuikatalia na hukukigusa. Iko hivi, kamera inapima mwanga wa fremu nzima, sasa wewe umeelekeza juu, fremu karibu yote ni anga jeupe la mawingu, kamera ikaona hapa kuna mwanga mwingi mno ngoja nipunguze, ikapunguza mpaka anga likawa zuri, na ndege wenye manyoya ya kahawia wakaishia kuwa kivuli. Siku nyingine tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka kwenye +1, kama mawingu ni meupe sana hata +2, piga moja, angalia kwenye kioo, rekebisha. Anga litaungua kidogo, liache liungue, watu wanakuja kuangalia ndege. Kwa simu bonyeza kidole juu ya ndege mwenyewe halafu sogeza kale kajua kanakotokea pembeni kwenda juu.

Dawa nzuri zaidi lakini sio kitufe, ni dereva. Mwambie asogeze gari mbele kidogo au arudi nyuma, bila kutoka barabarani, mpaka nyuma ya ule mti kuwe na kilima au miti ya mbali badala ya anga, na jua liwe mgongoni kwako. Mita ishirini tu zinabadilisha picha nzima. Halafu azime injini, watu wengi hawajui mtetemo wa gari ndo unawaharibia, wanalaumu lenzi. Kaweke kamfuko ka mchele wa kilo mbili dirishani ulaze lenzi juu yake, na shata (kasi ya kamera kufunga) iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Mchele ukirudi nyumbani unapikwa, hakuna hasara.

Sasa muda. Hujasema mlifika saa ngapi ila kwa safari za kikazi ninavyozijua nahisi ilikuwa saa nne na kitu mmeshakunywa chai njiani. Tumbusi ni mzito, yule wa mgongo mweupe anafika kilo tano na zaidi na mabawa yakifunguka ni kama mita mbili na ushee, kupiga mabawa kunamchosha, kwa hiyo asubuhi anakaa mtini anasubiri ardhi ipate moto hewa ianze kupanda imbebe. Ndo maana unawakuta wamejikunyata kama wazee kwenye baraza. Na ndo maana wanapenda mti mkavu, hauna majani ya kukwamisha mabawa na wanaona mbali. Ukiwepo hapo kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu wako palepale, mwanga umelala, ule mti mweupe unageuka rangi ya dhahabu, na kuna dakika jua likishika wanatandaza mabawa kama mtu anaanika kanga, wanajipasha joto na kukausha manyoya. Hiyo ndo picha ya sebuleni. Siku ya mawingu wanachelewa zaidi kuondoka, hiyo ni faida yako.

Akitaka kuruka atakwambia. Anainama mbele, mara nyingi anajisaidia kwanza (samahani kwa walio mezani), anafungua mabawa. Ukiona mkia umeinuka anza kubonyeza mfululizo. Mimi safari yangu ya kwanza niliona hivyo nikacheka, nilipomaliza kucheka nikawa na picha kumi na nne za matako ya tumbusi wanaondoka.

Niaje, niko Naivasha huku. Juzi nilienda hifadhi ya Hell's Gate na baiskeli nikapiga picha za tumbusi, wengine kwa mawe ya juu, wengine kwa mti, sasa rafiki yangu ananiambia si aina moja. Nitawatofautishaje?

Rafiki yako anajua. Angalia mdomo kwanza. Mdomo mweusi na shingo ndefu, huyo ni wa mgongo mweupe, na mgongo wenyewe utauona akifungua mabawa tu. Mdomo wa njano na manyoya yana madoa meupe kama magamba ya samaki, huyo ni wa Rüppell, ndo anayependa miamba kwa kuzaa, wakati yule mwingine anajenga kiota mtini. Huyo wa Rüppell ana rekodi ya ajabu, mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye mita zaidi ya 11,000. Ukiona mkubwa kupita wote, kichwa kipara cha waridi chenye makunyanzi, huyo ni bosi, kwenye mzoga ndo anachana ngozi ngumu. Mpige hata kama mwanga mbaya.

Kaka, nikinunua utumbo buchani nikaumwaga chini ya mti si watashuka karibu nipige kwa simu?

Hapana. Ndani ya hifadhi kulisha wanyama ni kosa, unaweza kutozwa faini. Nje ya hifadhi pia usifanye, kwa sababu nyama ya kutegwa ndo inayowamaliza hawa ndege. Mfugaji kaliwa ng'ombe na simba anatia sumu kwenye mzoga, jangili naye anatia sumu ili tumbusi wasizunguke juu na kuwaonyesha askari alipoua tembo. Botswana mwaka 2019 walikufa zaidi ya 500 kwa mizoga ya tembo watatu. Wa mgongo mweupe na wa Rüppell wote tangu 2015 wako kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hutaki wazoee kwamba binadamu akimwaga nyama ni chakula.

Na ukikuta tumbusi wameanguka chini ya mti, au amekaa anayumba kama mlevi, usimguse wala usiguse mzoga, na mbwa wako mshike. Piga picha kwa simu ikiwa imewashwa lokesheni, peleka kwa askari wa wanyamapori wa karibu siku hiyohiyo, usisubiri kesho.