Mvukaji Husoma Mwendo wa Gari Lako: Maneno kwa Dereva Kijana na Simu Yake

Vijana wangu mliopata leseni mwaka huu,

Kwa miaka 14 nimekaa kiti cha kushoto cha gari la mafunzo jijini Dar es Salaam, mguu wangu ukiwa juu ya breki ya pili, na katika muda wote huo sijakutana na mwanafunzi asiyejua kwamba kuendesha huku unatumia simu ni hatari. Mnalijua hilo kama mvutaji anavyojua madhara ya sigara. Kwa hiyo sitawarudishia mliyokwisha kuyasikia darasani. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo moja nililoliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: dereva mchanga haichukui simu gari likiwa katika mwendo mkali, bali huichukua akiwa taratibu, mtaani, kwenye tuta, kwenye foleni, mahali anapojiona yuko salama, na hapo hapo ndipo watu wa miguu walipojaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 19, nikiendesha pikapu ya mjomba wangu kule Mbagala, asubuhi, karibu na shule ya msingi. Simu yangu ya vitufe ililia ujumbe mfukoni, nikaitoa, nikaishika juu ya usukani. Bila kujijua niliachia mafuta, gari likapungua lenyewe. Binti mmoja wa sare, sketi ya bluu na shati jeupe, mkononi ana kidumu cha maji, alikuwa amesimama ukingoni akisubiri kuvuka. Aliona gari linapunguza mwendo, akaamini ninamruhusu, akaingia barabarani. Nami nilikuwa nimemaliza kusoma, mguu umerudi kwenye mafuta, macho hayajafika mbele. Bampa iligonga kidumu, binti akakaa chini juu ya lami, maji yakamwagika yote. Alichubuka goti tu, namshukuru Mungu hadi leo, lakini wanawake wa genge la jirani walinizingira na maneno waliyoniambia niliyastahili. Ujumbe wenyewe ulikuwa tangazo la kununua milio ya simu.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea pale. Nilidhani kosa langu lilikuwa kutomwona, kumbe lilitangulia hapo: nilikuwa nimempa ishara ya uongo. Katika miji yetu, ambako vivuko vyenye taa ni vichache na barabara nyingi za mitaani hazina njia ya miguu, kuvuka ni mapatano kati ya watu wawili wasiosema neno. Mvukaji huinua mkono kidogo, hutazama kioo cha mbele akitafuta uso wa dereva, na asipouona kwa sababu ya mng'ao wa jua au vioo vyeusi, husoma mwendo wa gari. Likipunguza, anahesabu kwamba amepewa nafasi. Sasa dereva anayesoma simu hupunguza mwendo pasipo kukusudia, kwa kuwa akili yake inajaribu kujilinda, na mtu aliyesimama ukingoni hana namna ya kutofautisha kupunguza kwa heshima na kupunguza kwa kutojua. Ndiyo maana siwasikilizi wanaoniambia, "Mwalimu, mimi nikishika simu huwa naenda polepole." Huko kwenda kwako polepole ndiko kunakomtoa mwenzio ukingoni.

Tena polepole yenyewe si polepole kama mnavyofikiri. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hula zaidi ya mita 8 kila sekunde; ukitazama simu kwa sekunde 5, umepita mita 40 na ushee bila macho. Shukeni siku moja mkazipime mita hizo kwa miguu kwenye mtaa wa Manzese au Tandale. Mtapita duka la Mangi, mama anayekaanga maandazi, vijana wanaosukuma mkokoteni, na pengine watoto wawili wanaogombea mpira ulioelekea barabarani. Kwa kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi hapa kwetu, sekunde hizo hizo 5 ni karibu mita 70.

Wapo watakaosema kwamba wanatumia spika au waya wa masikioni, mikono iko huru. Hao nawaeleza habari ya Profesa David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ambao mwaka 2003 waliandika jinsi madereva waliokuwa wakizungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi walivyotazama moja kwa moja vitu vilivyokuwa mbele yao, na baadaye wakashindwa kukumbuka kwamba vilikuwapo. Macho yalifika, akili haikufika. Baadaye, mwaka 2015, utafiti mwingine alioshiriki Strayer ulionyesha kuwa baada ya kutumia baadhi ya mifumo ya kuamuru simu au gari kwa sauti, akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani.

Sekunde 27 zinanihusu mimi na ninyi kwa sababu ya foleni. Taa ya makutano ya Mwenge ni nyekundu, gari limesimama, mkono wa kijana unashuka kwenye simu kama vile umepewa ruhusa na serikali. Taa inawaka kijani, honi za nyuma zinaanza, anaitupa simu mapajani na kuondoka, lakini mawazo yake bado yanatunga jibu. Kumbukeni nani yuko kati ya magari wakati huo: wauza maji na karanga wanaorudi ukingoni mbio, abiria anayeshuka daladala mlango ukiwa umeangalia katikati ya foleni, mama aliyebeba mtoto mgongoni ambaye alianza kuvuka taa ikiwa bado nyekundu na hajamaliza. Gari linaloanza kuondoka halivumi sana. Hawalisikii.

Kuhusu watoto nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, yaani kuanzia mtoto wa chekechea anayevuka hadi wewe uliyeshika usukani. Ninyi na wanaovuka ni wa kundi moja. Shirika la Amend, kupitia mpango wake wa SARSAI, limeboresha mazingira ya barabara karibu na shule za msingi hapa Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika kwa kuweka njia za miguu, vivuko na matuta, na pengine hata kuhamisha lango la shule lisifunguke kwenye barabara kubwa, na kazi hiyo ikapata tuzo ya miji iitwayo Ross, ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute), mwaka 2019. Ni kazi njema. Ila tuta hushusha mwendo wa gari tu, halimwinui dereva kichwa. Nimeona wanafunzi wangu wakitumia tuta la shule kama nafasi ya kuchungulia WhatsApp, eti kwa kuwa gari limeshapungua. Mtoto naye amefundishwa atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Ametimiza wajibu wake, ameona gari linapanda tuta taratibu, anavuka. Na anapovuka mtoto mmoja, ngojeni wa pili, maana yule wa pili hatazami gari, anamtazama mwenzake.

Usiku na mvua nitasema kwa ufupi. Mwanga wa simu hupunguza uwezo wa jicho kuona gizani, na watu wengi hutembea bila nguo inayong'aa. Mvua ikinyesha, ukingo hujaa madimbwi na mtaro haujulikani ulipo, hivyo mtembeaji hupanda juu ya lami, mgongo akiwa amekupa wewe. Na ninyi wa bodaboda, simu mliyoichomeka ndani ya helmeti hamjaiweka mbali, mmeihamishia sikioni.

Mimi hufanya hivi. Simu ya mwanafunzi huingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo linakwenda buti, na buti hufungwa kabla ya ufunguo kugeuzwa. Kuweka simu kwenye kiti cha pembeni hakutoshi. Ikiwaka, shingo itageuka. Anayehitaji ramani aipange akiwa amesimama, na asikilize sauti tu. Anayesubiri simu ya maana aingie sheli, azime gari, azungumze amalize. Vilevile aganeni na nyumbani mapema, kwa sababu, niseme ukweli hata kama wazazi watanikasirikia, mpigaji wa kwanza mara nyingi si rafiki bali ni mama au baba anayeuliza, "Umefika wapi?" Mwambieni: "Shikamoo mama, naanza safari, nitakupigia nikifika." Ataelewa.

Kisha kuna zoezi ambalo kila mwanafunzi wangu hulichukia wiki ya kwanza. Namtaka ataje kwa sauti kila mtu wa miguu anayemwona, tangu tunapotoka yadi hadi tunaporudi: "Mzee wa fimbo, kulia. Mama wa beseni, kushoto. Wanafunzi watatu, kivukoni." Hukauka koo, hucheka, hulalamika kwamba anaonekana kichaa. Kufika wiki ya tatu huanza kuongeza neno ambalo sikumwagiza: "Mzee wa fimbo, ameniona. Mama wa beseni, hajaniona." Hapo ndipo mimi huanza kuupumzisha mguu wangu.