Fundi, simu hii ina loki au haina?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua simu ya Android iliyotumika. Muuzaji aliapa kwamba haina loki, na kweli nilipoweka laini yangu ilishika mtandao papo hapo. Baadaye nikaifuta yote kwa kubana vitufe, kama nilivyoona kwenye video. Ilipowaka ikanidai barua pepe na nywila ya mwenyewe wa zamani. Muuzaji anasema hakunidanganya. Nani mkweli?
Msomaji aliyekwama

JIBU: Huenda nyote ni wakweli, ndiyo maana ugomvi wenu hauishi. Yeye alisema habari ya loki ya mtandao, wewe umekwama kwenye loki ya akaunti. Hizo ni mbili tofauti, na mwenye ufunguo wa moja hana ufunguo wa nyingine.

Loki ya mtandao huwekwa na kampuni ya simu. Inakuuzia simu kwa mkopo au kwa bei nafuu, halafu inaifunga isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka umalize deni au mkataba. Simu ya namna hiyo inawaka vizuri, unapiga picha, unatumia Wi-Fi, lakini laini ngeni haishiki. Kanada imetaka simu zote mpya ziuzwe bila loki hii tangu Desemba 2017, na Uingereza ikawakataza makampuni kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Marekani bado zinauzwa. Kuipima ni rahisi: weka laini za kampuni mbili tofauti, moja baada ya nyingine. Laini yako peke yake haitoshi, maana pengine ni ya kampuni ileile iliyoifunga.

Sasa hiyo yako. Apple walileta loki ya akaunti mwaka 2013, Google wakafuata mwaka 2015 kwa Android 5.1. Shabaha ni mwizi: aifute simu anavyotaka, ikiwaka imuulize mwenyewe ni nani. Kubana vitufe ndiko kulikoiamsha, kwa sababu ndivyo mwizi asiyejua namba ya siri anavyofanya. Ungeingia kwanza kwenye mipangilio ungekuta akaunti ya mtu imo bado, na ungemwambia muuzaji aitoe mbele yako.

La kufanya: mwite muuzaji aandike nywila yake kwa mkono wake kwenye simu hiyo, kisha aitoe akaunti. Asikutajie nywila, wala wewe usiiombe. Ingekuwa iPhone, angeweza kuitoa akiwa mbali, kupitia akaunti yake ya iCloud. Akisema hakumbuki, au kwamba naye aliinunua kwa mtu, rudisha simu udai fedha zako. Mimi wananiletea simu za hivyo kila mara wakitaka niipitie loki kwa mlango wa nyuma, na huwa nakataa; sijui simu ni ya nani, na aliyeileta mara nyingi hajui pia.

Kuna simu nyingine haina loki hata moja kati ya hizo na bado haishiki mtandao. Hiyo imefungiwa kwa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, kwa kawaida baada ya mwenyewe kuripoti kwamba imeibwa. Bonyeza *#06# uone namba hiyo ya tarakimu 15, uiulizie kabla ya kutoa pesa.

Loki ya kioo, ile ya namba ya siri unayoweka mwenyewe, sina haja ya kukueleza. Na ukisikia vijana wa programu wanasema simu "imefunguliwa", wao wanazungumzia kufungua njia ya kubadilisha mfumo wake wote. Hatua hiyo hufuta kila kitu kilichomo, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi baada yake. Achana nayo.

SWALI: Nimekosea PIN ya laini mara tatu, sasa inadai PUK. Nibahatishe?

JIBU: Thubutu! PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, ina tarakimu nane, na ukikosea mara kumi laini inakufa moja kwa moja. Itafute kwenye kile kipande cha plastiki ulichobandulia laini, au wapigie kampuni ya laini yako kwa simu nyingine. Simu yenyewe haina kosa, usiipeleke kwa fundi.