Mashine ya kufyekea haiwaki? Sikiliza kikohozi cha kwanza

Huku kusini, kabla korosho hazijaanza kudondoka, mashamba hufyekwa ili waokotaji waone chini. Siku hizi wengi wananunua mashine ya kufyekea ya kubeba begani, na kila msimu nakutana na kijana aliyelowa jasho, kiganja kimechubuka kwa kamba ya kuwashia, huku mwenye shamba akilalamika kuwa ameuziwa mashine mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima. Kinachokosewa ni ile dakika moja ya kuiwasha.

Kwanza tazama kifuniko cha tanki. Ukiona alama ya pampu ya petroli pamoja na tone la oili, hiyo ni injini ya mipigo miwili: haina oili yake pembeni, inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Soma kitabu chake. Kikisema 1:50, kila lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili ya tu-ti (2T), ile ya injini za mipigo miwili. Kikisema 1:25, mililita 40. Changanya kwenye kidumu safi, tikisa, ndipo umimine. Petroli tupu itakwaruza pistoni na silinda ndani ya muda mfupi tu, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia kwa bei ndogo.

Ukishajaza, ondoka na mashine hatua kadhaa kutoka mahali ulipomiminia. Ilaze mahali tambarare, kisu kisiguse majani wala mawe, watoto wakae mbali, maana kisu kinaweza kuzunguka mara tu injini ikishika. Hakikisha swichi imewekwa kwenye kuwaka. Nimeshaona watu wazima wakivuta kamba hadi bega likauma, kumbe swichi imezimwa.

Sasa kile kipira laini chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Wageni wengi wanakiogopa, wanakibonyeza mara mbili na kuacha, wakidhani kitamwaga mafuta ndani ya injini. Kwenye mashine nyingi za kufyekea sivyo kinavyofanya kazi. Angalia paipu ndogo zinazoingia kwenye tanki: moja inapeleka petroli kwenye kabureta, nyingine inatoka kwenye kipira na kurudi tankini. Kipira kinavuta petroli ipite kwenye kabureta, kinaondoa hewa, na kinachozidi kinarudi kilikotoka. Kwa hiyo bonyeza taratibu, ukiachia kijae chenyewe, mpaka uione petroli ndani yake na mapovu yaishe. Mara saba hadi kumi kwa kawaida zinatosha. Zipo injini ambazo kipira chake kinarusha petroli moja kwa moja kwenye koo la kabureta. Hizo usizidishe idadi iliyoandikwa kitabuni.

Kinacholewesha injini, yaani kuijaza petroli kupita kiasi, ni choki, kile kibati kinachozuia hewa isiingie kwa wingi kwenye kabureta. Kama hujui upande wa kufunga, fungua kifuniko cha chujio la hewa, sogeza kirungu cha choki, utaona kibati kikiziba tundu. Injini ikiwa baridi, funga choki. Kandamiza mashine chini kwa mkono mmoja, vuta kamba polepole hadi uhisi inagoma, kisha ivute kwa nguvu na kwa ufupi. Usiifikishe mwisho, na usiiachie irudi yenyewe kwa kishindo. Irudishe kwa mkono.

Ukifika mvuto wa pili, wa tatu au wa nne, injini itakohoa: “pu!” na kunyamaza. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mpwa wangu alipokuwa anajifunza, aliisikia akafurahi, akazidi kuvuta na choki ikiwa imefungwa vilevile.

“Mjomba, mbona ilitaka kuwaka halafu imegoma?”

“Imeshakuomba hewa, wewe bado unainywesha petroli.”

Ikikohoa tu, fungua choki, kisha vuta tena. Itashika. Iache ingurume kidogo ipate joto kabla ya kuikandamiza mafuta. Ukiizima kwa mapumziko mafupi na bado ina joto, usiiguse choki kabisa.

Ikishalewa, kuendelea kuvuta vilevile hakusaidii. Katika injini hizi mchanganyiko hupitia kwanza chumba cha krenki, kilicho chini ya pistoni, ndipo upande kwenye silinda, kwa hiyo petroli iliyozidi inatuama huko chini. Zima swichi, fungua plagi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, ifute ikauke. Fungua choki, elekeza tundu la plagi chini mbali na uso wako, vuta kamba mara kadhaa petroli itoke. Subiri hewa itawanyike, rudisha plagi, washa swichi na ujaribu bila choki.

Plagi ikiwa kavu baada ya kuvuta sana, tatizo ni lingine: petroli haifiki. Tafuta chujio dogo ndani ya tanki, angalia paipu iliyopasuka, na kipira kilichokauka kikapata ufa. Vitu hivi ni vya bei ndogo, anza navyo kabla hujamruhusu mtu aguse skrubu za kabureta.

Msimu ukiisha, mimina petroli yote kwenye kidumu, washa mashine iungurume mpaka izime yenyewe, kisha bonyeza kipira hadi kikauke. Petroli iliyolala ndani ya kabureta kwa miezi huacha utando unaoziba vitundu vyake, na mwakani utabonyeza kipira bila kuona dalili yoyote.